Chai ya Alasiri ya Pwani: Mkate wa Moto Juu, Kofia Mkononi

Waingereza wanajua kusimulia asili ya chai yao ya alasiri. Humtaja Anna Russell, mke wa Duke wa Bedford, ambaye mnamo 1840 hivi alichoshwa na njaa ya kungoja chakula cha usiku kilichokuwa kikiandaliwa saa mbili, akaanza kuagiza chai, mkate na keki chumbani mwake jioni. Baadaye akawaalika rafiki zake, na desturi ikaenea katika nyumba za wakubwa. Kisa hicho kimerudiwa mara nyingi mno, hata huku kwetu wapo wanaodhani kwamba kukaa kitako alasiri na birika la chai, kitafunio na kazi ya mkono ni jambo tuliloletewa na mkoloni.

Sivyo. Katika mambo hayo, jani la chai ndilo lililofika mwisho. Wakati wenyewe wa kukaa, vitafunio na sindano vilikuwapo pwani ya Afrika Mashariki kabla ya jani hilo kuwa kitu cha kila nyumba.

Lamu, Mombasa na Unguja siku hupangwa kwa sala. Baina ya alasiri na magharibi jua limepungua ukali, vyombo vya mchana vimeshaoshwa na chungu cha usiku hakijatelekwa. Wanaume hutoka barazani, wanawake hutembeleana ndani. Kinywaji cha baraza la zamani kilikuwa kahawa, desturi iliyovuka bahari kutoka Uarabuni: kahawa chungu iliyochemka ndani ya dele la shaba, ikanywewa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na tende au kipande cha kashata cha kukata uchungu. Muuzaji alipita mitaani na dele lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika.

Ndani ya nyumba, mikono haikulala. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuishia Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo anawaeleza wanawake wa jumba la kifalme wakitarizi nguo kwa nyuzi za dhahabu na hariri. Hao walikuwa wenye nafasi na watumwa wa kuwahudumia, na hilo halifai kufunikwa. Katika nyumba za kawaida kazi ilikuwa ukili. Ukindu ulianikwa, ukachanwa, ukatiwa rangi, kisha ukasukwa kuwa utepe mrefu, na tepe zikashonwa ubavu kwa ubavu mpaka zikawa mkeka au msala. Kazi hiyo haihitaji meza wala ukimya. Mtu anaweza kusuka huku akisikiliza habari za harusi ya jirani, akaweka chini anywe mafunda mawili, akaendelea.

Kuhusu vitafunio, ardhi ndiyo iliyoamua. Ngano haistawi katika joto na unyevu wa pwani, na unga wake ulitegemea meli. Mpunga ulikuwapo, na minazi ndiyo hiyo kila upande. Ndiyo maana mkate wa nyumbani wa Mswahili ukawa wa mchele na nazi. Mkate wa kumimina unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu anayeula mara nyingi hajui taabu yake. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui zito pamoja na iliki mpaka uwe laini kabisa, bila chenga hata moja. Siku hizi hutiwa hamira ya dukani. Hamira ya zamani ilikuwa unga na maji vilivyoachwa vichachuke. Rojo huachwa liumuke, na sukari hutiwa baadaye, likishafura. Wengine huongeza ute wa yai uliopigwa. Sufuria hupashwa na mafuta kidogo, rojo likamiminwa, moto wa chini ukapunguzwa. Kisha huja hatua ambayo mpishi hapaswi kuondoka jikoni: makaa hupangwa juu ya kifuniko. Moto wa juu ndio unaoupa mkate uso wa rangi ya dhahabu. Ukizidi, uso unaungua na tumbo linabaki bichi. Ukipungua, mkate unakaa mweupe na mzito.

Seredani moja na vipande vichache vya makaa, basi, vilifanya kazi ya tanuri. Kwa ufundi huohuo ilipikwa mikate ya mayai, ambayo utamu wake wote ni subira ya kupiga mayai na sukari mpaka mkono uchoke. Vitumbua vilikuwa na chuma chake chenye mashimo, vileja vilingoja Idi, na mahamri yakakaribisha maharagwe na mbaazi za nazi. Jamii za Kihindi za pwani zilileta sambusa na bajia, na leo hakuna anayeziona ngeni.

Chai yenyewe ilipanda chombo baadaye. Waingereza walianzisha mashamba makubwa Assam katika karne ya 19, na kuanzia 1872 meli za kampuni ya British India zikawa zinatia nanga Unguja kwa ratiba, zikiunganisha kisiwa na Aden na Bombay. Bidhaa za India zikawa karibu zaidi. Kwa upande wa utamu, mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalikuwa yakitoa sukari guru katika karne hiyohiyo.

Huku bara, Wajerumani walijaribu mche wa chai Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, kisha Rungwe mwaka 1904. Kenya, mche ulipandwa Limuru mwaka 1903 na mlowezi G. W. L. Caine. Mashamba ya biashara yakashika kasi miaka ya 1920, Kericho kwa Kenya, na Tanganyika kuanzia 1926. Hapa ndipo pana dhulma ambayo mnywaji wa chai hana budi kuijua: Mwafrika wa Kenya aliruhusiwa kuchuma chai ya mlowezi kwa ujira mdogo, lakini kuilima mwenyewe alizuiwa. Mlango ulianza kufunguliwa kwa mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954, na mwaka 1964, Kenya ikiwa huru, ikaundwa Mamlaka ya Maendeleo ya Chai Kenya (KTDA) kwa ajili ya wakulima wadogo. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969. Mji wa baraza na dele ukawa soko la majani yanayosafirishwa dunia nzima.

Jani letu kwa sehemu kubwa husagwa kwa mashine ya CTC, yaani ya kuponda, kurarua na kukunja majani, iliyobuniwa Assam miaka ya 1930. Punje zake ndogo hutoa rangi upesi na kustahimili maziwa, tangawizi na iliki bila kupoteza nguvu. Chai ya maziwa ya mgahawani na chai ya mkandaa ya Unguja, isiyotiwa maziwa, zote zinategemea punje hizo.

Mkoloni alileta kitu kingine: darasa. Skule ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na maarifa ya nyumbani yalikuwamo katika masomo yake. Msichana ambaye mama yake alishona kwa kuangalia tu sasa alishona kwa kipimo na kuandikiwa maksi. Naona faida yake, maana wengi walitoka humo wakawa walimu na washonaji wa kulipwa. Hasara ni kwamba keki ya unga wa ngano ilipata daftari, na mkate wa kumimina ukabaki bila maandishi.

Kazi ya alasiri ninayoiheshimu kuliko zote ni kofia. Kofia ya vito ya Lamu na kofia ya viua ya Unguja hushonwa kwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli kwenye kitambaa cheupe. Mshonaji hutoboa tundu kwa sindano, akalizungushia uzi, akahamia la pili, na matundu hayo yakijaa ndiyo yanayofanya nakshi, na ndiyo yanayopitisha hewa kichwani. Mara nyingi mmoja huchora, mwingine hutoboa, wa tatu humalizia. Lamu utawaona hata wanaume wameinamia kitambaa barazani. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Fedha yake imenunua sare za shule na dawa katika nyumba nyingi ambazo mume hakuwa na kazi ya mshahara.

Kisha zikaja nyakati ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na unga wa ngano vilipoadimika Tanzania, watu walipanga foleni kwa kilo moja. Birika halikuondolewa motoni: mchaichai ulichemshwa badala ya majani, na muhogo wa kuchemsha ukakaa mahali pa mkate.

Leo kofia za mashine kutoka ng'ambo huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya ile ya mkono, na mkate wa kumimina hununuliwa tayari, hasa Ramadhani. Simlaumu anayenunua; wanawake wengi sasa wako kazini saa hizo. Lakini vipimo vya mikate hii viko vichwani mwa watu wazima, kwa kibaba na kwa macho. Kama nyumbani kwenu yupo bibi anayejua kuupika mkate kwa moto wa juu, keti naye wiki hii na daftari, uandike anavyofanya hatua kwa hatua. Na ukienda kununua kofia ya mkono, usimpunguzie mshonaji bei kwa kuilinganisha kazi yake na kofia ya mashine. Mlipe anachosema.