Kutoka Baghdad hadi Korogwe: Historia ya Kupima Mtoto wa Jicho

"Mtoto wa jicho hajakomaa, subiri." Kauli hii imewakalisha nyumbani wazee wetu wengi, nayo ina historia yake.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia kwenye lenzi ya jicho. Matabibu wa kale hawakuwa na chombo cha kuona ndani, basi waliisoma mboni. Hunayn ibn Ishaq, tabibu wa Baghdad wa karne ya 9, alikieleza kipimo chao: funika jicho moja, mboni ya la pili ikitanuka, kuna matumaini. Isipotanuka, hata ukungu ukiondolewa mgonjwa hataona.

Upasuaji wa kuitoa lenzi ulipoanza Ulaya katika karne ya 18, lenzi iliyokomaa ndiyo iliyotoka vizuri. Tena aliyepasuliwa alibaki bila lenzi, akitegemea miwani minene. Ndiyo maana mgonjwa alisubirishwa mpaka akaribie upofu. Mwaka 1949, Harold Ridley wa London aliweka lenzi ya bandia ndani ya jicho, na taratibu sababu ya kusubiri ikaondoka.

Leo huulizwa: anaona nini, na anashindwa kufanya nini? Tuchukue mama wa Handeni. Husimamishwa mita 6 kutoka kwenye chati. Kama hakusoma, huonyeshwa herufi E na kuelekeza kwa mkono ilikogeukia. Asipoiona, huhesabu vidole. Vikimshinda, huulizwa mwanga unatoka wapi. Kisha humulikwa tochi kuona kama mboni inasinyaa, kipimo kilicho ndugu wa kile cha Baghdad. Mtaalamu wa macho hutanua mboni kwa dawa, hukagua lenzi na nyuma ya jicho, na hupima presha ya jicho, kwani upofu wa presha hiyo haurudishwi na upasuaji huu.

Hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971. Kutoka Handeni ni kupita Korogwe, kisha njia ndefu ya Same. Safari hiyo huamuliwa na mwenye nauli, na mara nyingi si mama. Tafiti za Tanzania na kwingineko zimeonyesha kuwa wanawake hufikiwa na upasuaji huu kidogo kuliko wanaume.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Mama akishindwa kuchagua mchele au kutunga uzi kwenye sindano, tusingoje ukungu ukomae. Tumtafutie nauli, akapimwe.