Daftari la Mto: Historia Fupi ya Kugawana Maji ya Pangani



Katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, ni desturi kutazama nyuma na kuhesabu magunia yaliyopimwa, fedha zilizolipwa na maghala yaliyojengwa. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Hapa nataka kueleza habari za mali moja isiyopita katika mizani yetu, nayo ndiyo inayozaa nyingine zote. Mali hiyo ni maji ya mto Pangani.

Mto huu huanza kwa vijito vingi vya Kilimanjaro na Meru. Baadhi hukusanyika kuwa mto Ruvu, na baadhi kuwa Kikuletwa. Mito hii miwili huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Pangani hushuka kando ya milima ya Upare na Usambara hata Bahari ya Hindi, safari ya kilomita zipatazo 500. Wengi hudhani ya kuwa theluji ya Kibo ndiyo mama wa maji haya. Sivyo. Mchango wa theluji ni mdogo. Mama halisi ni mvua inayoangukia msitu ulioko juu ya mashamba, ikanywewa na ardhi, kisha ikatokeza chini katika chemchemi. Chemchemi hizo ndizo zinazoupa mto uhai wakati wa kiangazi.

Wazee wetu waliyagawana maji hayo kwa utaratibu. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Uchagani mwaka 1884, aliikuta mifereji ikinywesha mashamba, ile ambayo Wachaga huiita mifongo. Ukoo uliochimba mfongo ulikuwa na haki ya kwanza. Wengine walipewa zamu. Asiyefika siku ya kuuzibua alitozwa faini au alinyimwa maji. Upareni nako walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku ili yatumike mchana. Hapakuwa na daftari la karatasi, lakini kila mtu aliijua zamu yake, na kijito kilipopungua, upungufu ule ulionekana kwa macho ya wote.

Mambo yalibadilika watumiaji walipoongezeka na kukaa mbalimbali, hata wasionane. Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya maji mwaka 1923, na vibali vikaanza kuandikwa ofisini. Kahawa ilienea mlimani, na mwaka 1933 ushirika wa KNCU ukaanzishwa. Kahawa ile ilihitaji maji shambani, kisha ikahitaji mengine ya kuiosha. Tambarare za Arusha Chini zikapandwa miwa. Karibu na pwani, maporomoko ya Pangani yakaanza kutoa umeme katika miaka ya 1930. Kituo cha Hale kikafuata mwaka 1964, na kituo kipya cha Pangani, chenye nguvu ya megawati 68, mwaka 1995. Hivyo tone lile lile likadaiwa na mwenye kahawa, mwenye miwa, mwenye mpunga na mwenye taa.

Fundisho kubwa limo katika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Mradi huo ulitegemea maji ya mito ya Rau na Njoro. Mpunga ulistawi mno, na sifa zake zikaenea. Wakulima walio juu ya mradi, walipoona mavuno ya jirani zao, nao wakafungua majaruba na kuyachepusha maji kabla hayajafika chini. Hawakuwa wezi, walikuwa wakulima kama sisi. Walakini mto haukuongezeka kwa kuwa watu wameongezeka, na baadhi ya mashamba ya mradi yakakosa maji, ingawa mifereji yake ya saruji ilikuwa mizuri.

Kosa lilikuwa nini? Hesabu ya wanaotaka ilikua, lakini haikupatanishwa na hesabu ya maji yaliyopo. Wala kupima si elimu ya siri. Tuseme kijito kina upana wa mita 2, kina cha nusu mita, na maji yake huenda nusu mita kwa sekunde moja. Zidisha, nawe utapata lita 500 kila sekunde. Hilo ni fungu lote. Sharti lipimwe mara kwa mara, hasa mwezi wa kiangazi kikali, maana anayegawa maji ya kiangazi kwa kipimo cha masika amegawa kitu kisichokuwapo.

Ofisi ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991 kwa kazi hiyo, na uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 2000 ulionyesha ya kuwa maji ya bonde hayawezi kutosheleza matakwa yote kwa pamoja. Sheria ya mwaka 2009 ikatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji yanayobaki mtoni kuulinda mto wenyewe, ndipo hufuata kilimo, viwanda na umeme. Wako wasemao ya kuwa maji yaachwayo mtoni ni hasara. Na waende Pangani mjini: mto unapopungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia katika mashamba ya wenzetu wa huko.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili twalijua sana katika fedha. Na tulitumie katika maji. Kila chama cha msingi kilicho kando ya mto kina mhasibu. Na kiwe pia na mtu wa kusoma kipimo cha mto na kuandika, na daftari lake lisomwe katika mkutano mkuu, mwanachama wa juu na wa chini wakisikia pamoja. Kabla ya kuamua kuongeza eneo la mpunga, na lifunguliwe kwanza daftari hilo. Tukifanya hivyo, watakaosherehekea miaka kumi ijayo watakuwa na mavuno ya kuhesabu.