Mazimwi ya Miamba ya Galula

Watunzi wa ngano zetu walipoumba zimwi, walichagua pango au kaburi liwe makao yake, wakaunganisha viungo vya wanyama wanaojulikana, kisha wakalipa jina. Huko Galula, katika Bonde la Rukwa mkoani Songwe, ardhi imetutangulia katika kazi hiyo. Miamba yake yenye umri wa miaka milioni 100 hivi ni kaburi la viumbe ambao hakuna msimulizi aliyewawaza.

Mwaka 2010 alitangazwa Pakasuchus kapilimai: jamaa ya mamba mwenye ukubwa wa paka na magego kama ya mnyama anyonyeshaye. Jina lake lamkumbuka marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 akafuata Rukwatitan bisepultus, yaani aliyezikwa mara mbili, kwa kuwa mkondo wa kale ulifunua sehemu ya mifupa yake kabla haijafukiwa tena. Mwaka 2019 akaja Mnyamawamtuka moyowamkia, ambaye pingili za mkia wake zina umbo la moyo.

Mifupa ya Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, ilibebwa na watu wetu hadi pwani, ikapelekwa Berlin na kupewa majina ya lugha za mbali. Jina la mnyama wa Mtuka, mwanafunzi hulielewa bila mkalimani.

Basi walimu na wawahimize vijana watunge mazimwi yao kwa mifupa ya nchi yao, wakitenga wazi kilichochimbwa na kilichobuniwa.