Nairobi hadi New York: kilomita ngapi, na unakaa saa ngapi hewani?

Wadau, swali hili naulizwa sana na watu wenye ndugu Marekani: mbona ukisoma tiketi, kwenda ni kama saa 7 na kurudi ni saa 22, wakati safari ni ileile? Hesabu yake ni ndogo tu, twende taratibu. Nachukua mfano wa ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, JKIA hadi JFK, iliyoanza 28 Oktoba 2018.

1. UMBALI
Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, itakudanganya. Dunia ni tufe. JKIA ipo nyuzi 1.3 Kusini na 36.9 Mashariki, JFK ipo nyuzi 40.6 Kaskazini na 73.8 Magharibi. Ukikokotoa pembe kati yao kutoka kitovu cha Dunia (ile mada ya Dunia kama tufe tuliyosoma sekondari) unapata nyuzi 106.45. Kila nyuzi moja ni km 111.2. Zidisha, unapata karibu km 11,840. Njia hiyo fupi inapita Darfur, Chad, Sahara na Moroko, ndipo inaingia Atlantiki. Ila rubani haifuati kila mara. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga lake lilifungwa na ndege zikabidi zizunguke.

2. MUDA HEWANI
Ndege kubwa hukimbia kama km 900 kwa saa. 11,840 gawa kwa 900 ni saa 13 na dakika 9. Ongeza kama nusu saa ya kupaa na kutua. Halafu kuna upepo: huko juu, upande wa kaskazini, mara nyingi huvuma kutoka magharibi. Ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma. Ndiyo maana ratiba ilitangazwa saa 15 kwenda, saa 14 kurudi.

3. SAA ZA TIKETI
Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Tiketi huandika saa za mahali ulipo. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, na saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo 15 toa 8 ni 7, na 14 jumlisha 8 ni 22. Huzijui tofauti za saa? Jumlisha 7 na 22, gawa kwa 2: saa 14 na nusu. Huo ndio wastani wa safari yenyewe.

Sio mchezo wa namba huu. Mzee anayemeza dawa kila baada ya saa 12, akiamini tiketi ataona hakuna dozi ya njiani na kuzifungia dawa kwenye sanduku linaloenda chini ya ndege. Kumbe dozi moja itamkuta hewani. Dawa zikae begi la mkononi, na azihesabu kwa saa ya nyumbani mpaka afike.

La mwisho: tiketi ikisema 00:30 Jumatano, kwetu hiyo ni Jumanne usiku, saa sita na nusu. Uwe uwanjani Jumanne jioni. Ukienda Jumatano jioni, ndege ilishaondoka jana usiku.

Nawasilisha.