Mrejeo wa Mirihi: Kutoka Ishara ya Nergal hadi Istilahi ya Kiswahili

Makala hii inachunguza jinsi mwendo wa Mirihi unaoonekana kurudi nyuma ulivyofasiriwa kuanzia Mesopotamia ya kale hadi Ulaya ya karne ya 17. Hoja yake ni kwamba kilichobadilika katika historia hiyo si kile ambacho jicho liliona, bali jibu la swali la nani hasa anayesogea. Jambo hilo linawahusu moja kwa moja wanaounda istilahi za sayansi kwa Kiswahili.

Kwa kawaida Mirihi husogea polepole kuelekea mashariki miongoni mwa nyota. Kila baada ya siku 780 hivi, husita, hugeuka na kuelekea magharibi kwa muda wa miezi miwili au zaidi kidogo, kisha husita tena na kuishika njia yake ya awali. Katika kipindi hichohicho huwa mkabala na Jua na mng'ao wake mwekundu huzidi.

Kwa watu wa Babeli, sayari hiyo ilikuwa nyota ya Nergal, mungu wa vita, tauni na kuzimu. Katika karne ya 7 K.K., wanazuoni waliomhudumia mfalme Esarhaddon wa Ashuru waliuhesabu mrejeo wa Mirihi katika kundinyota la Nge kuwa ishara ya hatari iliyomtaka mfalme ajilinde. Ishara zenye uzito huo zilihitaji kutazamwa kwa makini na kuandikwa. Kutokana na kumbukumbu za vizazi vingi, watazamaji wa Babeli waligundua kwamba katika miaka 79 Mirihi hukamilisha mizunguko 37 ya aina hiyo, kisha hurudia mwenendo wake karibu katika tarehe na mahali palepale. Hivyo hekaya haikuwa kizuizi cha hesabu. Ilikuwa miongoni mwa sababu za kuifanya.

Mnamo mwaka 150 B.K. hivi, Ptolemy wa Alexandria aliueleza mrejeo huo kwa kuiweka sayari kwenye duara dogo ambalo kitovu chake husafiri juu ya duara kubwa linaloizunguka Dunia. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9. Wanafalaki wa Kiarabu waliziita sayari tano zenye tabia hii *al-mutahayyira*, yaani zilizotatizika. Baadhi yao, kama Ibn al-Haytham katika karne ya 11 na Nasir al-Din al-Tusi wa Maragha katika karne ya 13, walizikosoa kanuni za Ptolemy, lakini Dunia iliendelea kuwekwa katikati.

Copernicus aliligeuza swali mwaka 1543. Dunia hulizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, na Mirihi kwa 24. Tunapoipita Mirihi, huonekana kurudi nyuma, kama lori linavyoonekana kurudi nyuma mbele ya milima ya mbali kwa abiria wa basi linalolipita. Kepler, aliyethibitisha mwaka 1609 kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu, alikuwa pia mpiga falaki wa watawala. Mpaka kati ya elimu mbili za nyota ulichelewa kuchorwa.

Kiswahili kimerithi sehemu ya historia hii. Majina Mirihi, Zuhura na Zohali yana asili ya Kiarabu, na kitenzi *rejea* kina mzizi mmoja na *rujuu*, neno la wanafalaki wa Kiarabu kwa mwendo huu. Lakini urithi una mtego. Neno la Kiarabu *dhahir* laweza kumaanisha kinachoonekana kwa juu tu, ilhali *dhahiri* ya Kiswahili humaanisha kilicho wazi, kisicho na shaka. Mwanafunzi akisoma "mrejeo dhahiri", ataelewa kwamba sayari hurudi nyuma kwa hakika: kinyume kabisa cha fundisho la Copernicus.

Kwa hiyo inapendekezwa istilahi iwe *mrejeo wa mwonekano*, na vitabu vya kiada vitenganishe *astronomia* na *unajimu*, neno ambalo hadi leo hubeba maana zote mbili. Utengano huo usiwe wa kuibeza hekaya ya Nergal, kwa kuwa ndiyo iliyowafanya watu waitazame Mirihi kwa uangalifu tangu mwanzo.