Sheria ya Magazeti Tanzania, Kuanzia 1928

Mwaka 1928 Waingereza walitunga sheria ya magazeti Tanganyika. Makali ya sheria za kikoloni yalionekana wazi mwaka 1958, pale Mwalimu Julius Nyerere, mhariri wa Sauti ya TANU, aliposhtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika jarida hilo. Mahakama ilimtia hatiani na kumwamuru alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Alilipa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, sheria hizo hazikuondoka na wakoloni. Mwaka 1968 Rais alipewa uwezo wa kulifungia gazeti lolote kwa maslahi ya umma. Kisha ikaja Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyomkabidhi waziri uwezo huo. Waziri hakulazimika kwenda mahakamani kwanza. Amri iliyotangazwa katika Gazeti la Serikali ilitosha.

Vyuo navyo havikusalimika. Mwaka 1970 serikali ilipiga marufuku Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingawa waandishi wake walikuwa wajamaa. Miaka 20 baadaye, wanataaluma walipitisha Azimio la Dar es Salaam la kutetea uhuru wa taaluma. Lilikuwa na uzito wa hoja, si nguvu ya sheria.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na Ibara ya 18 ikatambua uhuru wa maoni. Tume ya Nyalali, iliyoundwa kuchunguza mfumo wa vyama vya siasa na kuanza kazi mwaka 1991, iliitaja Sheria ya Magazeti miongoni mwa sheria 40 kandamizi. Hata hivyo, sheria hiyo iliendelea kutumika: Julai 2012 gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana, hadi Mahakama Kuu ilipotengua amri hiyo mwaka 2015.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria mbili. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilimpa raia haki ya kuomba nyaraka za ofisi za umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Sheria ya Huduma za Habari ilifuta ile ya 1976, lakini ikabakiza kosa la uchochezi na uwezo wa waziri kuzuia machapisho. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kuwa vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bunge lilirekebisha baadhi mwaka 2023.

Historia hii inathibitisha kwamba haki iliyoandikwa katika Katiba haimlindi mwandishi iwapo waziri anaweza kulifungia gazeti bila hukumu ya mahakama.