Kulipa mkopo wa SACCOS kwa akiba

Kulipa mkopo wa SACCOS kwa akiba ni hatua ambapo mwanachama wa chama cha ushirika wa akiba na mikopo anatumia fedha alizojiwekea katika chama hichohicho, au mahali pengine, kumaliza au kupunguza deni analodaiwa na chama. Nchini Tanzania hatua hiyo huitwa pia kufidia deni kwa akiba, au kwa lugha ya kawaida "kukata mkopo kwenye akiba". Jambo hilo linawahusu sana wanachama wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, hasa Mbeya na Iringa, ambako walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa masoko na wakulima wa mpunga, chai na viazi mviringo hukopa kupitia vyama vya aina hii.

SACCOS ni kifupi cha jina la Kiingereza, lakini neno limezoeleka hata vijijini kuliko jina kamili la Kiswahili.

Akiba, hisa na amana

Swali la kulipa deni kwa akiba halieleweki bila kutofautisha aina tatu za fedha ambazo mwanachama huwa nazo chamani.

Hisa ni mtaji wa chama. Mwanachama hununua idadi ya hisa iliyowekwa na masharti, naye huwa mmiliki mmojawapo. Hisa hazitumiki kulipa mkopo. Anayeondoka kwa kawaida humhamishia mwanachama mwingine. Akiba ni mchango wa lazima wa kila mwezi au kila msimu. Ndiyo kipimo cha kukopa, kwa sababu vyama vingi humruhusu mwanachama kukopa mara mbili au mara tatu ya akiba yake, na ndiyo dhamana ya kwanza ya mkopo. Kwa sababu hiyo haitolewi ovyo: kwa kawaida mwanachama huipata yote pale tu anapojitoa. Amana ni fedha za hiari, ambazo mwenyewe huziweka na kuzichukua kwa taratibu za chama.

Anayetaka kulipa deni kwa amana hana tatizo kubwa, kwani fedha hizo ni huru. Ugumu wote uko kwenye akiba, ambayo imeshikwa na mkopo uleule inaotakiwa kuulipa.

Historia na sheria

Wazo la watu kuweka fedha pamoja na kukopeshana lilipata sura yake ya kisasa nchini Ujerumani katika karne ya 19, kupitia kazi za Friedrich Wilhelm Raiffeisen vijijini na Hermann Schulze-Delitzsch mijini. Mwaka 1900 Alphonse Desjardins alianzisha chama cha namna hiyo huko Lévis, Quebec, na kutoka Amerika ya Kaskazini mfumo huo ukaenea katika nchi nyingi za Afrika.

Tanganyika ilipata sheria yake ya ushirika mwaka 1932, ila ushirika wa wakati ule ulihusu zaidi uuzaji wa mazao. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982. Vyama vya akiba na mikopo vilipata nafasi kubwa zaidi baada ya sheria ya 1991, wakati benki zilipokuwa zikifunga matawi yasiyoleta faida. Katika miaka ya 2000 idadi yake iliongezeka haraka, ikichangiwa na fedha za uwezeshaji za serikali zilizojulikana mitaani kama "mabilioni ya JK", ambazo sehemu yake ilipitia SACCOS. Baadhi ya vyama viliundwa ili kupokea fedha hizo kuliko kuweka akiba, na pale ambapo wanachama hawana akiba ya maana hakuna cha kufidia deni linapokwama.

Kwa sasa vyama hivi viko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2019. Sheria hiyo ya pili inagawa watoa huduma katika madaraja manne, na SACCOS ziko daraja la tatu. Leseni hutolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania, yenye makao makuu Dodoma, kwa mamlaka iliyokasimiwa na Benki Kuu. Pamoja na hayo, mambo mengi yanayomgusa mwanachama, kama kiwango cha riba, uwiano wa mkopo na akiba, au ruhusa ya kufidia, huamuliwa na masharti ya chama chenyewe na sera yake ya mikopo. Vyama viwili vilivyo mtaa mmoja jijini Mbeya vinaweza kuwa na majibu tofauti kwa ombi lilelile.

Hesabu

Faida ya kulipa mapema inategemea namna riba inavyokokotolewa. Tuchukue mfano wa kubuni: mwalimu mwenye akiba ya shilingi 1,500,000 amekopa shilingi 3,000,000 kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi.

Riba ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, na mkopo ukarudishwa kwa shilingi 125,000 kila mwezi, riba yote itakuwa shilingi 562,500. Baada ya miezi 12 salio la mkopo ni shilingi 1,500,000, sawa kabisa na akiba yake. Riba iliyobaki kwa miezi 12 inayofuata ni shilingi 146,250. Akifidia deni siku hiyo ataokoa kiasi hicho. Lakini kama chama kingempa faida ya asilimia 4 kwa mwaka juu ya akiba, atakuwa amepoteza shilingi 60,000. Hivyo alichokiokoa kweli ni shilingi 86,250.

Riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa awali hadi mwisho, bila kujali kilichokwisha kulipwa, hesabu hubadilika. Riba yote inakuwa shilingi 1,080,000, na ya miezi 12 iliyobaki ni shilingi 540,000. Hapa swali la kuuliza ni moja tu: je, chama humsamehe riba ya miezi ambayo hajaifikia? Kikisamehe, kulipa mapema kuna faida kubwa. Kikidai riba yote kama ilivyoandikwa kwenye mkataba, mwanachama hapati nafuu yoyote, bali anatoa akiba yake kabla ya wakati. Wanachama wengi hutazama asilimia iliyoandikwa na kusahau kuuliza inakokotolewa juu ya nini, ingawa katika mfano huu tofauti inakaribia mara mbili.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu ya riba. Mwalimu huyo akifidia deni lote, akiba yake inakuwa sifuri na uwezo wake wa kukopa unakwisha pia. Akichangia shilingi 50,000 kila mwezi itamchukua miezi 30 kuirudisha ilipokuwa. Ada ya shule ikidaiwa Januari au mgonjwa akilazwa, hatakuwa na mahali pa kukopa kwa riba ya chama. Kwa wengi njia inayobaki ni mikopo ya mitaani iitwayo kausha damu, ambayo marejesho yake hudaiwa kila siku au kila wiki na ambayo riba yake inaweza kula shilingi 86,250 zile kwa muda mfupi sana.

Kufidia sehemu ya deni

Wapo wanaoomba kukatwa sehemu tu ya akiba ili marejesho ya mwezi yapungue. Kamati za mikopo mara nyingi hukataa, na sababu yake si ukaidi. Tuseme mwalimu wa mfano wetu, siku chache baada ya kukopa shilingi 3,000,000, anaomba shilingi 500,000 za akiba zipunguze deni. Deni litakuwa shilingi 2,500,000 na akiba shilingi 1,000,000. Mwanzoni alikuwa na mkopo wa mara mbili ya akiba. Sasa ni mara mbili na nusu. Kama ukomo wa chama ni mara mbili, amekwisha kuuvuka bila kukopa hata shilingi moja. Kiasi cha deni kisicho na akiba ya mkopaji nyuma yake hakijapungua: ni shilingi 1,500,000 kabla na baada, na mzigo huo unabebwa na wadhamini.

Ndiyo maana vyama vingi huruhusu kufidia pale tu akiba inapotosha kumaliza deni zima, au mwanachama anapojitoa. Vingine hutaka kiwango fulani cha akiba kibaki.

Wadhamini

Mdhamini ni mwanachama anayekubali akiba yake ishikiliwe kwa ajili ya mkopo wa mwenzake. Mkopaji akishindwa, kwa kawaida chama huanza na akiba ya mkopaji mwenyewe, kisha hugeukia ya wadhamini. Mdhamini anaweza kukaa miaka miwili bila kuweza kujitoa wala kukopa kwa kiwango chake kamili, kwa sababu ya deni lisilo lake.

Kwa hiyo mtu anayemaliza mkopo mapema anawafungua na wengine. Katika shule au zahanati ambako watumishi wachache wamedhaminiana kwa mzunguko, jambo hilo lina uzito kuliko riba iliyookolewa. Kinyume chake, mwanachama anayefidiwa kwa nguvu baada ya kushindwa kulipa, huku akiba yake haitoshi, huwaachia wadhamini salio, na ugomvi wa namna hiyo hufika mpaka kwenye familia.

Mishahara na misimu

Kwa watumishi wa umma marejesho hukatwa kwenye mshahara kabla haujafika benki, na utaratibu wa serikali unataka angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki kwa mtumishi. Aliyefikia kikomo hicho hawezi kuongezewa makato mengine, na hapo ndipo wengi hufikiria kufidia deni la SACCOS kwa akiba ili wapate nafasi ya mkopo mkubwa zaidi wa benki. Benki nazo hununua madeni: hulipa salio la SACCOS na kumpa mtumishi kiasi kilichobaki. Mtumishi hapo hajatoka kwenye deni. Amelihamisha na kulirefusha.

Baada ya kumaliza deni, mwanachama anapaswa kupata barua ya chama inayothibitisha hivyo na kuhakikisha makato yamesitishwa kwa mwajiri. Makato ya mwezi mmoja au miwili yanaweza kuendelea kwa sababu orodha ya mishahara huandaliwa mapema. Fedha hizo ni za mwanachama na hurudishwa au kuingizwa kwenye akiba, mradi mwenyewe ameangalia hati yake ya mshahara.

Wakulima wana hesabu nyingine. Katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mpunga huvunwa kwa wingi kati ya Mei na Julai, na wakati huo bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Mikopo ya pembejeo huiva msimu huohuo. Mkulima mwenye akiba au amana anaweza kulipa deni kwa fedha hizo na kuweka mpunga ghalani hadi bei ipande kuelekea mwanzo wa mwaka. Asiye nayo huuza shambani kwa bei ya mnunuzi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulikusudiwa kutatua tatizo hilo kwa kuifanya gunia iliyo ghalani iwe dhamana. Eneo la Madibira, lenye skimu kubwa ya umwagiliaji pamoja na chama cha masoko na SACCOS yake, ni mojawapo ya mahali ulipotumika kwa mpunga. Kwa mkulima, basi, akiba iliyolipa deni kwa wakati inaweza kuleta faida inayotokana na bei ya zao, si na riba.

Kwa wafanyabiashara wa sokoni hatari kubwa ni hasara ya ghafla. Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya liliungua mwaka 2006, na soko la SIDO liliungua mwaka 2017. Bidhaa zikiteketea, mkopo hauteketei nazo. Aliyekuwa ameweka akiba huweza kufidia deni na kuanza upya bila jina lake kuharibika, ingawa huanza bila mtaji. Katika hali hiyo inafaa kuomba kwanza muda wa marejesho uongezwe, kabla ya kugusa akiba.

Kujitoa na kifo

Mwanachama anayejitoa hutoa notisi kwa muda uliowekwa na masharti. Chama hukata kwenye akiba yake deni lote analodaiwa na kumlipa kinachobaki. Hawezi kulipwa akiba yote ikiwa amemdhamini mtu ambaye mkopo wake haujaisha, mpaka mdhamini mwingine apatikane.

Mwanachama akifariki, akiba hupitia kwa mtu aliyeandikwa kuwa mrithi katika fomu za chama, baada ya deni kuondolewa. Vyama vyenye mfuko wa kinga au bima ya mikopo hulipa salio kutoka mfuko huo, na familia hupata akiba nzima. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mjane au yatima, na fomu ya mrithi iliyojazwa miaka mingi iliyopita, kabla ya ndoa au watoto, ni chanzo cha mashauri mengi.

Nchini Kenya

Kenya, ambayo ina sheria yake ya SACCO ya mwaka 2008 na mamlaka ya usimamizi iitwayo SASRA, inafuata kanuni inayofanana: akiba inayotumika kupimia mikopo haitolewi mwanachama akiwa bado yumo chamani. Anayetaka itumike kulipa deni mara nyingi hulazimika kutoa notisi ya kujitoa, na akirudi huanza upya kama mwanachama mgeni, ikiwa ni pamoja na kusubiri miezi kadhaa kabla ya kukopa.